Kwa nini taulo ya maikrofaiba hukakamaa, na namna ya kuifua ibaki laini

Taulo ndogo za buluu, za njano na za kijivu ambazo wamachinga huzipitisha kwenye madirisha ya magari penye taa za barabarani jijini Dar es Salaam zimeingia kwenye magari, majikoni na saluni kwa muda mfupi, na lalamiko moja limeingia pamoja nazo. Waosha magari wanalo, wasusi wanalo, mama wa nyumbani wanalo: taulo ilinunuliwa ikiwa laini kama manyoya ya kifaranga, ikafuliwa mara tatu au nne, na sasa ni kama gunia. Kila aliye karibu ana ushauri wake. Mmoja atasema aongeze kilainishi cha nguo, wa pili atasema aichemshe, wa tatu atasema aipige pasi ikiwa bado mbichi kidogo, na wa nne atashikilia kwamba taulo ile ilikuwa feki tangu dukani.

Ushauri wa hao watatu wa kwanza ni wa watu waliofua shuka na kanga za pamba maisha yao yote, na kwa pamba una maana yake. Kwa maikrofaiba ndio unaoiua. Nimeona taulo nyingi zikitupwa ilhali kitambaa chake bado kizima, na inaniuma kuona mtu ananunua nyingine mpya ili aifue kwa namna ileile. Jambo lenyewe si gumu kulielewa, ila linahitaji tuanzie ndani ya uzi.

Unyuzi mwembamba kuliko unywele

Kitambaa hufumwa kwa uzi, na uzi wenyewe husokotwa kwa nyuzi nyingi ndogo, kama kamba ya katani inavyosokotwa kwa nyuzi za mkonge. Maikrofaiba ni jina la nyuzi hizo ndogo zinapokuwa nyembamba kupita kiwango fulani. Viwanda hupima wembamba huo kwa mizani: huchukua unyuzi wenye urefu wa mita 9,000 na kuangalia una gramu ngapi, na kipimo hicho huitwa denia. Kilomita tisa ni mwendo wa karibu saa mbili kwa miguu. Unyuzi wa denia 1, ukitandazwa njia hiyo yote kisha ukakusanywa na kupimwa, una gramu moja tu, sawa na sukari ya robo kijiko cha chai, na maikrofaiba ni nyembamba kuliko hapo. Kwa upana, kwa kawaida haifiki mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa binadamu mara nyingi huwa na mikromita 50 hadi 100.

Nyuzi za namna hii zilipata umaarufu kutoka Japani, ambako mwaka 1970 mwanasayansi Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray alizitumia kutengeneza kitambaa kinachofanana na ngozi laini. Taulo za kufutia zilikuja baadaye, na nyingi kati ya hizi tunazouziwa leo ni mchanganyiko wa plastiki mbili, poliesta na nailoni, mara nyingi kwa uwiano wa asilimia 80 kwa 20. Plastiki hizo huyeyushwa na kusukumwa pamoja kupitia vitundu vidogo sana, zikatoka zikiwa unyuzi mmoja ambao, ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, unafanana na chungwa lililokatwa katikati: vipande vya poliesta vimepangwa kwa duara, na nailoni imekaa kati yake kama ile ngozi nyeupe inayotenganisha kipande na kipande. Kisha kiwanda huupasua unyuzi huo kwa joto, kwa dawa au kwa nguvu ya maji, vipande vikaachana. Unyuzi mmoja wa mviringo umegeuka kuwa nyuzi nyingi zenye kona, na kati yake zimebaki nafasi nyembamba mno.

Kona hizo ndizo zinazokwangua vumbi na mafuta juu ya kioo, na nafasi hizo ndizo zinazobeba maji. Ukipitisha taulo nzuri juu ya kiganja kikavu utahisi inanata kwenye mikwaruzo midogo ya ngozi, jambo ambalo wengine hawalipendi, lakini ni dalili kwamba nyuzi zimepasuliwa na ziko huru. Zipo taulo za bei ya chini ambazo nyuzi zake hazikupasuliwa. Hizo husukuma maji badala ya kuyakusanya hata zikiwa mpya, na yule mshauri wa nne, akiwa anazungumzia hizo, ana haki.

Sasa lipo jambo moja la kushangaza. Poliesta ni plastiki, na plastiki hainywi maji. Chupa ya maji ya kunywa, ambayo nayo imetengenezwa kwa jamii hiyohiyo ya plastiki, haivimbi wala hailowi ndani ya kuta zake. Maikrofaiba basi huyabebaje maji? Kama utambi wa koroboi unavyobeba mafuta ya taa. Mafuta hupanda katika utambi kwa kuvutwa na njia nyembamba zilizo kati ya uzi na uzi, hata kama hakuna anayeyasukuma, na maji nayo huvutwa vivyo hivyo katika nafasi zilizo kati ya nyuzi za taulo. Maji yamekaa kati ya nyuzi. Hayamo ndani yake. Ndiyo sababu taulo hii hukamuliwa ikatoa karibu maji yote, na ndiyo sababu hukauka upesi kuliko taulo ya kuogea ya pamba.

Ulaini wa maikrofaiba, basi, unatokana na uhuru wa nyuzi zake. Maelfu ya nyuzi, kila moja ikipinda peke yake, mkono huzihisi kama hariri. Nyuzi hizohizo zikigandamana makumi kwa makumi huwa vijiti. Aliyewahi kuacha brashi ya kupakia rangi bila kuiosha anaijua hali hiyo: nywele za brashi hazijabadilika hata moja, ila rangi iliyokauka imezifunga pamoja, na brashi inaweza kugonga meza kama kipande cha mti.

Ugumu wa pamba ni habari nyingine

Mkanganyiko mwingi unaanzia hapa, kwa sababu taulo ya pamba nayo hukakamaa, na watu huchukua dawa ya ile wakaipa hii. Unyuzi wa pamba hunywa maji hadi ndani yake ukavimba. Taulo ya pamba ikikauka kwa kutulia kwenye kamba, maji kidogo hubaki yameng'ang'ania juu ya nyuzi, na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido na kampuni ya Kao ya Japani walieleza kuwa maji hayo machache ndiyo yanayofanya kazi ya gundi kati ya unyuzi na unyuzi. Kwa hiyo taulo ya pamba iliyokakamaa ukiifikicha na kuikung'uta inalegea, kwa kuwa umevunja gundi hiyo ya maji, na kilainishi cha nguo husaidia kwa sababu kinaweka utando unaozuia nyuzi zisishikane.

Maikrofaiba haina maji yaliyong'ang'ania namna hiyo. Ikikakamaa, ama kuna kitu kigeni kimekaa kati ya nyuzi zake, ama nyuzi zenyewe zimeharibiwa kwa joto. Kuyatofautisha haya mawili ni muhimu kuliko yote nitakayoyasema, maana la kwanza linatibika na la pili halitibiki.

Kinachobaki kati ya nyuzi

Kitu kigeni cha kwanza ni kilainishi chenyewe. Kilainishi cha nguo ni mafuta yaliyotengenezwa kwa ufundi: kila chembe yake ina upande mmoja unaovutwa na kitambaa kilicholowa, na upande mwingine ulio mkia wa mafuta. Ule upande wa kwanza hung'ang'ania kitambaa, mkia ukabaki nje, na mkono unapopita huhisi utelezi na kuuita ulaini. Kwenye shuka haidhuru sana. Kwenye maikrofaiba, mafuta hayo huingia katika zile nafasi nyembamba tulizosema zinabeba maji, yakazijaza. Mwagia maji sahani iliyoganda mafuta ya ng'ombe uone yanavyojikusanya matone na kukimbia; taulo iliyowekwa kilainishi mara kadhaa hufanya hivyo hivyo. Haishiki tena maji wala vumbi, na ikifutia kioo cha gari huacha ukungu unaoonekana vizuri usiku, taa za gari linalokuja mbele zinapokupiga. Harufu nzuri ya kilainishi naielewa, na kwa kanga na mashati sina neno, lakini taulo ya kufutia haihitaji kunukia maua.

Kitu cha pili ni sabuni isiyosuuzika. Wapo wanaoamini kwamba sabuni ya mche ni salama zaidi kwa kuwa ni sabuni tupu isiyo na dawa nyingi. Ni kweli kwamba ni sabuni halisi, iliyopikwa kwa mafuta na magadi makali, lakini hapo ndipo penye taabu: sabuni halisi ikikutana na maji magumu haitulii. Maji magumu ni maji yaliyopita kwenye miamba yakabeba madini ya kalisi na magnesi, ambayo ni ndugu wa chokaa. Sabuni huungana na madini hayo ikawa utando mweupe usioyeyuka, uleule unaojipanga kuzunguka beseni la kuogea. Kwenye beseni unausugua ukatoka. Ndani ya taulo umejibana kati ya nyuzi maelfu, na ukikauka ni kama ile rangi kwenye brashi.

Hivyo swali la kuifua taulo lina jibu tofauti kidogo Unguja na Mwanza. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kama ilivyo Unguja na sehemu nyingi za pwani hadi Mombasa, huwa na madini mengi, na visima vya Dodoma vinajulikana hivyo pia. Sabuni hukataa kutoa povu, na birika hujenga ukoko ndani. Maji ya Ziwa Viktoria ni laini, na maji ya mvua ni laini kuliko yote. Wataalamu huyaita maji magumu yanapozidi miligramu 120 za madini hayo kwa lita, yakihesabiwa kama kalisi kaboneti, na magumu sana yanapozidi 180, lakini ukoko wa birika ni kipimo cha kutosha nyumbani.

Sabuni ya unga hutoa povu hata kwenye maji magumu, na kwa nguo ni nzuri. Tatizo lake kwa taulo hizi ni mambo mawili: katika maji baridi baadhi ya chembe zake haziyeyuki kabisa, na ndani yake huwa kuna magadi yanayoweza kuitoa chokaa ndani ya maji na kuitupa juu ya kitambaa. Sabuni ya maji ya kufulia haina chembe za kubaki, na ndiyo ninayoipendekeza. Na iwe kidogo. Povu jingi hupendwa kwa sababu macho yanaliona, lakini povu halifui. Linaonyesha tu kuwa sabuni ipo, na kila povu ulilolitengeneza utalazimika kulisuuza.

Vitu vingine vinavyoganda humo ni vile taulo ilivyofuta: waksi ya gari, mafuta ya kupikia, dawa ya nywele, na kwa upande wake manyoya ya pamba. Hili la pamba halisemwi vya kutosha. Taulo ya maikrofaiba imetengenezwa ikamate vumbi. Ukiiweka mashine moja na taulo za kuogea au soksi itakamata manyoya yake yote na haitayaachia, na siku ukifutia kioo utaona vinyweleo vyeupe kila mahali. Ifuliwe na wenzake tu.

Joto

Mtu mmoja anayeosha magari karibu na ninapoishi aliwahi kuniuliza swali zuri. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100, akasema, na plastiki hii huyeyuka kwa zaidi ya 200. Sasa kuchemsha kunaidhuru vipi? Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nailoni inayotumiwa sana huyeyuka karibu na nyuzijoto 220, na poliesta karibu na 255. Lakini plastiki haingoji kuyeyuka ndipo ibadilike. Poliesta huanza kulegea karibu na nyuzijoto 70 hadi 80, na nailoni mapema kuliko hapo. Ikiwa imelegea hukubali umbo lolote inalolazimishwa, na ikipoa hulishika.

Watengenezaji wa nguo wanalijua hilo na wanalitumia kwa faida yetu. Sketi ya shule yenye marinda, ikiwa ni ya poliesta, hukunjwa na kupigwa joto kiwandani, na baada ya hapo marinda hayo hudumu kwa miaka, ifuliwe isifuliwe. Kinachofanyika kwenye marinda ndicho kinachofanyika ndani ya sufuria inayochemka, ila bila mpango: nyuzi zimesongamana, zimepindana, zimelegea kwa joto, kisha zinapoa zikiwa zimekaa vile. Taulo inatoka safi na imeingia marinda madogo yasiyoonekana, kila mahali. Mara moja huenda usione tofauti. Kila juma, utaiona.

Pasi ni mbaya zaidi. Alama za nukta kwenye pasi zina maana: nukta moja ni nyuzijoto 110 hivi, mbili ni 150, na tatu, ambazo ni za pamba, ni 200. Pasi iliyowekwa kwenye alama ya pamba inagusa ncha za nailoni ikiwa karibu kabisa na kiwango chake cha kuyeyuka, tena ikizikandamiza. Ncha hizo hujikunja na kuwa vidonge vigumu vidogo, kama mdomo wa mfuko wa plastiki uliosogezwa karibu na moto. Vidonge hivyo ndivyo vinavyokwaruza rangi ya gari na vioo vya miwani, na wenye magari hulaumu sabuni.

Jiki ina madhara ya namna nyingine. Klorini iliyomo huishambulia nailoni, ikaifanya dhaifu na kuivunja, hivyo taulo hupoteza ile sehemu iliyokuwa inasaidia kuzitenganisha nyuzi. Kama taulo ina lebo, pembetatu iliyopigwa msalaba inasema usitie jiki, pasi iliyopigwa msalaba inasema usipige pasi, na beseni lenye namba linasema joto la juu la maji, mara nyingi 40 au 60. Taulo za kuuzwa barabarani aghalabu hazina lebo, na kwa hizo afadhali ushike 40.

Najua hoja inayofuata: bila maji ya moto wala jiki, vijidudu vitakufaje? Wapo wauzaji wanaosema maikrofaiba huua vijidudu yenyewe. Haiui, huvikusanya, na kwa hiyo taulo ya jikoni isiyofuliwa huvihamisha kutoka ubao wa kukatia nyama hadi sahani. Kinachoviondoa ni kufua kwa sabuni mara kwa mara, kusuuza vizuri na kukausha hadi ikauke kweli. Kwa damu ya nyama mbichi au matapishi ya mgonjwa, tumia kitambaa cha pamba unachoweza kukichemsha, au cha kutupwa.

Namna ya kuifua

Kazi huanza taulo ikiwa bado imelowa kutoka kazini. Ikung'ute nje, isuuze kwa maji safi, na usiiache usiku kucha ndani ya ndoo ya maji machafu, kwani waksi na sabuni hukauka humo na harufu ya uvundo huingia. Zitenge kwa kazi zake: za vioo, za bodi, za rimu, za jikoni. Iliyoanguka kwenye mchanga isirudi kwenye rangi ya gari siku hiyo hata ukiikung'uta, na iliyofuta rimu ifuliwe peke yake, kwa sababu ina unga wa chuma wa breki.

Kwa kufua kwa mkono, beseni la maji ya lita 10 na kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya maji vinatosha taulo sita hadi nane. Maji yawe ya vuguvugu, kiasi ambacho mkono unakaa ndani bila kuungua wala kuhisi baridi. Zenye waksi au mafuta ya kupikia zilowekwe nusu saa kwanza, na doa lenyewe lipakwe tone la sabuni ya kuoshea vyombo, ambayo imeundwa kwa ajili ya mafuta. Kisha zikandwe na kukamuliwa ndani ya maji, kama mtu anavyokamua chicha la nazi. Kusugua kwa brashi au kwenye jiwe hung'oa vitanzi vya taulo na kuachia nyuzi zaidi za plastiki ndani ya maji, na maji hayo hatimaye yanafika mtoni na baharini. Kwa sababu hiyo pia, mkono uwe mwepesi. Anayetumia mashine achague mzunguko wa nguo laini, nyuzijoto 30 au 40, na asiijaze hadi juu.

Kusuuza ndiko wengi wanakokuwa na haraka. Maji mawili mara nyingi hayatoshi. Kipimo changu ni bilauri ya kioo: baada ya maji ya tatu, ninakamulia taulo moja ndani ya bilauri na kuitikisa. Likibaki povu juu, au maji yakiwa na ukungu, ninarudia. Panapotumika maji ya kisima cha pwani, maji ya mwisho nayatia nusu kikombe cha siki nyeupe kwa lita 10, nazilaza taulo humo dakika kumi na tano, kisha nazisuuza tena. Siki ni asidi hafifu, nayo huyeyusha chokaa. Maji ya ndimu yaliyochujwa vizuri yana asidi pia. Kama una maji ya mvua ya akiba, yatumie kusuuzia na hutahitaji siki. Lakini siki na jiki zisikutane kamwe, si katika beseni moja wala moja baada ya nyingine bila kusuuza katikati, kwa sababu huzaa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Taulo mpya nayo ifuliwe kabla ya kazi ya kwanza. Hutoka kiwandani ikiwa na rangi ya ziada na utando wa dawa za kumalizia, na wengi hudhani ni mbovu kwa sababu siku ya kwanza haishiki maji.

Kuikausha

Baada ya kuikamua, shika ncha mbili uikung'ute kwa nguvu mara tano au sita. Hatua hii ndogo huinua nyuzi zilizolala na kuziachanisha kabla hazijakauka zikiwa zimelaliana, na sijui nyingine inayolipa zaidi kwa jasho dogo hivyo. Kisha ianike kivulini penye upepo. Kwa kuwa maji yake yako kati ya nyuzi tu, upepo wa baraza au wa chini ya mwembe hutosha kuikausha, na masika ikinyesha inaweza kukauka ndani ya nyumba dirishani wakati shuka bado inadondosha maji.

Jua la asubuhi kwenye kamba haliiharibu kwa siku moja. Ninachokipinga ni kuianika juu ya bati, juu ya boneti ya gari lililokuwa linatembea, au juu ya ukuta wa saruji saa saba mchana. Bati la saa hizo huunguza kiganja, na taulo iliyolala juu yake hupata joto upande mmoja huku uzito wake ukiikandamiza. Jua la miezi mingi nalo huidhoofisha nailoni. Uzio wa michongoma na majani ya uwanjani haufai pia, kwa sababu mbegu, miiba na vijiti hushikwa na vitanzi vya taulo, na huviona siku unapochora mstari kwenye mlango wa gari la mteja.

Mashine ya kukaushia, kwa walio nayo, ni rafiki wa taulo hizi ikiwekwa joto la chini kabisa au hewa baridi, kwani kule kuzungushwa ndiko kunakozikung'uta nyuzi. Chujio lisafishwe kwanza manyoya ya pamba ya nguo zilizopita, na yale makaratasi ya manukato yanayotiwa mashineni yasitumike, maana ni kilainishi kilichobadilisha umbo. Ikikauka, ikunjwe na kuwekwa ndani ya ndoo yenye mfuniko au mfuko uliofungwa. Ikikaa wazi gereji, itakusanya vumbi kabla haijafanya kazi, kwa kuwa ndiyo kazi iliyozaliwa nayo.

Ile iliyokwisha kukakamaa

Kabla ya kuitupa, dondoshea tone la maji. Tone likikaa juu kama juu ya jani la myugwa, kuna mafuta au kilainishi. Likiingia upesi lakini taulo ni ngumu na ina unga mweupe ukiikunja, ni sabuni na chokaa. Taulo za aina zote mbili nimeziona zikirudi. Zilowekwe saa mbili au tatu katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya maji, zikandwe, zisuuzwe hadi bilauri iwe safi, zilazwe katika maji ya siki, zisuuzwe tena, zikung'utwe na kuanikwa kivulini. Zenye kilainishi cha miezi mingi huhitaji kurudiwa mara mbili au tatu, na usikate tamaa baada ya mara ya kwanza, kwa sababu mafuta hayo hutoka tabaka kwa tabaka.

Kisha pitisha ncha ya kidole juu yake ikiwa kavu, ukiielekeza kwenye mwanga. Ukihisi vichembe vigumu kama mchanga ambavyo havitoki kwa kufua, au ukiona sehemu inayong'aa kama iliyopakwa gundi, hizo ni ncha zilizoyeyuka, na hakuna siki wala sabuni itakayozirudisha. Taulo hiyo ikatwe vipande, ipewe kazi ya rimu, ya mnyororo wa baiskeli na ya viatu vya mvua, na isiguse tena rangi ya gari, kioo cha simu wala miwani.